Chaja Isiyo na Plagi

Saa nne asubuhi siku ya pili, Rubani alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya redio, shati limemganda mgongoni kwa jasho, na mkononi ameshika betri iliyovimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

Rubani halikuwa jina lake wala kazi yake. Alikuwa dobi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesimama nyuma ya pasi, akinyoosha mashati ya watu wanaokwenda mahali ambako yeye hakuitwa. Jina hilo alibandikwa na majirani tangu siku walipomwona uwanjani, mtu mzima mwenye mvi, akiongoza kwa rimoti ndege aliyoiunda mwenyewe kwa ile plastiki nyeupe nyepesi wanayofungia televisheni. Walimcheka mpaka wakachoka. "Rubani, leo unatupeleka wapi?" Naye alikuwa akijibu, "Leo abiria wamejaa, subiri kesho," halafu anaendelea na mambo yake.

Siku hiyo hapakuwa na wa kumcheka. Mama yake alikuwa amepotea kwenye miwa.

Bibi huyo alikuwa na miaka sabini na minane, na kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka taratibu, kama rangi inavyoitoka nguo inayofuliwa kila siku. Kwanza yalipotea majina ya majirani, kisha ya wajukuu, kisha la Rubani mwenyewe. Jambo moja tu halikumtoka. Kila mwanawe aliporusha ile ndege karibu na nyumba, mama alitoka mbio na ufagio mkononi, akamwamuru aishushe kabla haijavunja bati za watu. Hata siku asizomjua Rubani ni nani, ndege aliijua, na hasira yake ilikuwa ileile.

Alikuwa akiishi kwa binti yake mkubwa, mshona sare za shule, katika nyumba ya mwisho kabisa kabla ya shamba kubwa la miwa. Jana yake mchana, dada mtu alikuwa ameipa mgongo sebule, miguu iko kwenye cherehani, akimalizia kola. Alipogeuka, kiti cha mama kilikuwa kitupu na mlango uko wazi. Mlinzi wa shamba aliokota kandambili moja kwenye njia inayoingia kwenye miwa. Taarifa ilipelekwa polisi. Majirani wapatao arobaini walitafuta hadi giza likawafukuza, lakini ndani ya miwa mtu humwoni hata aliye hatua tatu mbele yako. Mama alikuwa na kisukari, anachomwa sindano asubuhi na jioni. Muuguzi wa zahanati hakuzungusha maneno: bila maji na bila sindano, usiku wa pili hataumaliza.

Ndiyo maana Rubani alifika alfajiri na ndege yake kwapani. Ilikuwa na kamera ndogo tumboni, na picha zilionekana kwenye skrini aliyoifunga juu ya rimoti. Betri zilikuwa mbili, kila moja ikitosha dakika kumi na nne angani. Alirusha ya kwanza, akarusha ya pili, akaona kijani juu ya kijani. Kisha haraka ikamponza. Aliichukua betri ya kwanza ikiwa bado ya moto, akaichomeka kwenye chaja yake ya zamani, akapandisha umeme hadi mwisho ili iwahi kujaa. Betri ikavimba. Chaja ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya nywele zilizoungua, ikazima moja kwa moja.

Sasa alikuwa na betri moja tupu, na matumaini yake yote yalikuwa humo.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Watu walimwita Mama Waya. Aliitazama ile betri iliyovimba bila kuigusa.

"Baba, hiyo itoe nje ya duka langu. Iweke pale kwenye mchanga. Ikilipuka hapa, mimi na wewe tutakuwa habari."

Rubani alitii. Aliporudi akaiweka kauntani ile ya pili. Mama Waya akaipima na mita yake, akitikisa kichwa polepole.

"Hii nzima. Seli zake tatu zinakwenda sawa. Ulikuwa unazichaji kwa chaja gani?"

"Chaja imeungua. Nataka nyingine. Inayowahi."

"Inayowahi kama ile uliyovimbishia ile nyingine?"

Rubani alisema kwa sauti ndogo, "Mama yangu yuko kwenye miwa tangu jana mchana. Namtafuta kwa ndege. Betri imebaki hii tu."

Mama Waya alivua miwani, akaivaa tena. Hakutoa pole; aliinama chini ya kaunta, akatoa maboksi matatu akayapanga.

"Nisikilize vizuri, sina muda na wewe huna. Hii ndogo unaichomeka ukutani, unaisahau. Ni salama kabisa, lakini itakula saa tatu na zaidi. Hii ya pili ni rahisi, watu wanaipenda, mimi siipendi. Inamimina umeme kama mtu anayejaza ndoo amefumba macho. Haijui seli ipi imeshiba, ipi ina njaa. Hii ya tatu ndiyo chaja. Ina kidirisha, unaona kila seli ina volti ngapi, inazisawazisha zenyewe kwa zenyewe, na umeme unaupima wewe. Kwa saa moja hivi umemaliza, bila kuiumiza. Ila hii lazima uwe na—"

Simu ya Rubani ililia. Alikuwa dada yake, na sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Uko wapi wewe? Wameipata kandambili ya pili. Iko kwenye ukingo wa mfereji."

"Mfereji gani?"

"Ule wa maji, mdogo wangu. Wameanza kuchokoa kwa miti."

Rubani alichukua boksi la tatu, akalipa, akatoka. Nyuma yake Mama Waya aliita mara mbili. Yeye alidhani anaitiwa risiti.

Njia nzima alilikumbatia lile boksi kifuani. Alikuwa mtu wa sala tangu ujana, mtu asiyewasha pasi asubuhi kabla hajamshukuru Mungu kwa mikono miwili, lakini tangu jana alikuwa ameomba mpaka maneno yamemwishia. Sasa alilitaja jina la Mungu tu, akanyamaza, akalitaja tena, kama mtu anayegonga mlango bila kujua atasema nini ukifunguliwa.

Nyumbani kwa dada yake sebule ilikuwa tupu. Cherehani ilikuwa na ile kola ilipoishia, sindano bado imezama kwenye kitambaa. Dada aliingia kutoka nje, matope hadi magotini. Shingoni alikuwa amening'iniza kipochi kilichoviringishwa kitambaa kibichi. Humo mlikuwa na dawa ya mama na bomba la sindano. Alikuwa hajakivua tangu jana.

"Umepata?"

"Nimepata."

Alilifungua boksi juu ya meza ya kukatia nguo. Chaja ilikuwa nzuri, nyeusi, ina kidirisha kama alivyoambiwa. Akatafuta waya wa kuchomeka ukutani. Akatoa karatasi, akatoa plastiki, akaligeuza boksi juu chini, akalikung'uta. Kilichoanguka ni waya mbili fupi, moja nyekundu na moja nyeusi, kila moja ina kibanio cha chuma chenye meno.

Ndipo alipoelewa Mama Waya alikuwa akimwitia nini. Chaja hii haikuwa ya umeme wa ukutani. Ilitaka kulishwa na betri kubwa, ya gari.

Dada alikitazama kile kibanio, kisha akamtazama ndugu yake.

"Umetoka hapa kwenda mjini kununua chaja," alisema, "umerudi na vibanio vya nguo. Kweli wewe ni dobi."

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Rubani alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, vile vibanio mapajani. Kwenda mjini na kurudi ni saa mbili na nusu. Jua lilikuwa linakaribia utosini. Nje, kwa mbali, alisikia sauti za wanaume kwenye mfereji wakielekezana: hapa pana kina, leta mti mrefu. Alifunika uso kwa viganja. Ee Mungu, alisema moyoni, nilikuomba jicho moja tu la kumwona mama yangu, na hata hilo nimelinunua vibaya.

Mlinzi wa shamba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa mtu mrefu mkavu, na tangu jana ndiye aliyekuwa akiwaongoza watafutaji. Alikohoa kidogo.

"Hiyo inakula betri ya gari," alisema.

"Najua. Gari liko wapi?"

"Huku hamna gari."

"Na pikipiki yako?"

"Ile? Betri yake nilishaizika mwaka juzi. Naiwasha kwa teke na maneno makali." Akafikiri. "Lakini trekta lipo. Liko ng'ambo, upande wanaovuna. Ni mwendo wa nusu saa kwa barabara ya kuzunguka shamba."

"Ng'ambo?" alisema dada. "Kandambili zimekutwa huku. Mama hawezi kufika ng'ambo, hata sokoni hafiki bila kukaa njiani mara tatu. Mtakwenda kurusha hiyo kitu kwenye miwa ambayo hayumo."

Rubani aliinuka, akakusanya chaja, betri, rimoti na ndege.

"Dada, trekta likiwa ng'ambo, nitachaji ng'ambo. Sina lingine."

Dada aligeuza uso kuelekea mfereji. "Nami nakuja," alisema hatimaye. "Nikibaki hapa nitaangalia wanavyochokoa maji."

Walipanda pikipiki ya mlinzi wote watatu, ndege imebebwa na dada juu ya kichwa kama sinia. Trekta walilikuta linanguruma bila kazi kando ya miwa iliyosimama, tela lake limejaa nusu, na dereva amejilaza kivulini chini ya tela. Wakata miwa wachache walikuwa wamekaa kando wakinywa maji.

"Mnataka nizime trekta," alisema dereva baada ya kuelezwa na mlinzi, "ili mchaji mdoli."

"Ni ndege," alisema Rubani.

"Ni mama yake," alisema mlinzi.

Dereva alimtazama Rubani, akamtazama dada na matope yake. Bila neno akapanda, akazima injini. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito hata masikio yakavuma.

Rubani alikibana kibanio chekundu kwenye ncha ya betri ya trekta, na cheusi kwenye ya pili. Kidirisha kikawaka bluu. Aliomba karai, akalijaza mchanga, akailaza betri yake juu ya mchanga huo, akaunganisha. Tarakimu tatu zikajitokeza, seli tatu: zote chini, lakini zinalingana. Kisha chaja ikauliza umeme kiasi gani. Alibonyeza hadi mbili nukta mbili, kipimo ambacho betri ile ilistahili, akaacha.

"Itachukua muda gani?" aliuliza dada.

"Saa moja."

"Inaweza kwenda zaidi ya hapo? Naona hicho kidude kina nafasi. Pandisha."

"Inaweza. Betri haiwezi."

"Wewe pandisha." Alimshika mkono. "Saa moja, wewe. Mama anakauka huko kama nguo kwenye kamba, na wewe unasema saa moja."

Kidole cha Rubani kilikuwa juu ya kitufe. Alitamani kupandisha kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Lakini mikono yake ilijua moto kwa miaka ishirini na sita. Ilijua kwamba hariri ukiiwekea pasi kali kwa sababu mteja amesimama mlangoni, mteja ataondoka na tundu. Na leo asubuhi mikono hiyohiyo ilikuwa imeshafanya kosa hilo mara moja.

"Dada," alisema, "betri ni hii moja. Nikiivimbisha, basi."

Aliuondoa mkono, akaukalia, kana kwamba haukuwa wake.

Ile saa moja ilikuwa ndefu kuliko usiku wote waliokesha. Walikaa mbele ya lile karai kama watu wanaomlinda mgonjwa. Kila Rubani alipogusa betri kuona kama imepata joto, dada alimwangalia usoni, naye akatikisa kichwa: haijapata. Tarakimu zilipanda kwa uvivu. Mlinzi alipigiwa simu kutoka mferejini, wote wakageuka, akasema, "Bado," wakarudi kutazama kidirisha.

Katikati ya kungoja, dada alianza kusema peke yake, macho kwenye mchanga.

"Aliniita. Nilimsikia. Aliita, 'Mama.' Siku hizi ananiita mama. Nikasema subiri, namalizia kola hii. Kola tu. Nilimwambia mzazi wangu asubiri kola."

Rubani alimsogelea, mabega yao yakagusana, na kwa mara ya kwanza tangu jana waliomba pamoja, kila mmoja kimoyomoyo, bila kumwahidi Mungu kitu chochote.

Chaja ililia mara moja. Seli tatu, zote zimeshiba, zote sawasawa.

Aliifunga betri tumboni mwa ndege. Mlinzi aliirusha kwa nguvu juu ya miwa, propela ikavuma, na wakata miwa wakasimama kuangalia. Rubani aliinamia skrini. Dada alishika ncha ya shati lake.

Dakika tatu: kijani. Dakika sita: kijani, na mstari wa mfereji unang'aa kwa mbali, na watu wadogo kama sisimizi kwenye kingo zake. Alikwenda juu ya kila uwazi, kila kivuli, kila bua lililolala. Dakika tisa aliona kitu cheupe, akashusha ndege, lilikuwa gunia. Dakika kumi na mbili, rimoti ikaanza kulia ti, ti, ti, ile alama ya betri kuishiwa.

"Irudishe tena kule kwenye gunia," alisema dada.

"Haifiki."

"Irudishe, mdogo wangu."

"Haifiki, dada."

Aliigeuza. Machozi yalikuwa yameifanya skrini kuwa ukungu. Ndege ilirudi hadi juu ya ukingo wa miwa, mbele yao, lakini Rubani alishindwa kuishusha. Kuishusha kulikuwa ni kukubali. Akaizungusha chini chini, mzunguko baada ya mzunguko, propela inapiga kelele kama nyigu kwenye chupa, akila zile dakika mbili za mwisho mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuona.

Miwa ilitikisika.

Haikuwa upepo. Ilitikisika mahali pamoja, hatua kama sitini kutoka kwenye trekta, na mkata miwa mmoja akanyoosha panga lake kuonyesha. Kisha sauti ikatoka mle, kavu, iliyokwaruza, lakini yenye ghadhabu kamili.

"Wewe mtoto. Nimekwambia mara ngapi ushushe hicho kidude?"

Akatokeza. Alikuwa peku, miguu imechanika, mtandio umebaki kipande, na mkononi ameshika bua la muwa lililotafunwa nusu kama anavyoshika ufagio. Alilitikisa kuelekea angani.

"Utavunja bati za watu. Nani atalipa? Mimi?"

Dada alikimbia kabla ya wote. Alipomfikia hakumkumbatia, alipiga magoti palepale kwenye mabua makavu, akafungua kile kipochi cha shingoni kwa meno kwa sababu vidole vilikataa. Mlinzi alimkalisha bibi kwenye koti lake, akapiga simu mferejini, akashindwa kusema, akampa dereva simu aseme yeye. Dereva alisema maneno mawili tu: "Yuko hai." Kisha akaleta dumu lake la maji.

Rubani alikuwa bado amesimama, rimoti mkononi. Alisikia kelele ya propela ikikatika, na mahali fulani ndani ya miwa kitu chepesi kikaanguka. Hakugeuka kuangalia.

Alikwenda akachuchumaa mbele ya mama yake. Mama alikuwa amechoka hata macho yake yanazunguka. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikunywa maji kidogo kidogo, kama dada alivyomwelekeza, akaacha mkono wake uchomwe sindano bila kuuliza. Rubani alimimina maji kwenye kiganja, akaanza kumwosha miguu, polepole, akitoa majani yaliyogandamana na damu, kama afanyavyo kwa nguo ambayo mtu akiivuta itachanika.

"Imeangukia wapi?" aliuliza mama.

"Sijui, mama."

"Si nilikwambia."

"Ulinambia."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, akimtafuta, na Rubani aliona dhahiri kwamba hampati. Kisha akaweka kiganja chake kikavu juu ya mvi za mwanawe.

"Nenda kaitafute kabla giza halijaingia," alisema. "Usipoipata utalia, nakujua."

"Ndiyo, mama," alisema Rubani, akaendelea kuosha.